Mama wa Posta aliyetunza siri za mji mzima

Katika familia nyingi za Kenya, mzazi akiaga dunia, kazi ya kuandika wasifu wa kusomwa mazishini huachiwa kijana mmoja: yule mwenye laptopu. Anapewa siku mbili na nakala ya wasifu wa jirani aige mtindo. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, akaajiriwa, akastaafu, akaugua. Ameacha watoto na wajukuu kadhaa. Basi.

Mama yetu alipofariki, kijana huyo nilikuwa mimi. Maisha yake yote ya kazi yalimalizika kwa mstari mmoja: “Alihudumu Posta hadi alipostaafu.”

Aliajiriwa miaka michache baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, Kenya ilipoanza kuendesha shirika lake la posta na simu. Kituo chake kilikuwa Voi, mji wa reli ambako watu wa milima ya Taita huteremkia wakienda Mombasa au Nairobi.

Kwa sisi tuliokulia na simu mkononi, posta ya siku hizo ilikuwa WhatsApp, benki na M-Pesa chini ya paa moja. Barua ya kuitwa sekondari ilipitia hapo. Baba aliyefanya kazi Mombasa alituma matumizi kwa hawala ya posta, maarufu mani oda. Habari za msiba zilikuja kwa telegramu, na kwa kuwa ulilipia kila neno, watu waliandika kwa mkato: “Baba mgonjwa, njoo upesi.” Kila mtu alielewa maana yake. Wa kwanza kuelewa alikuwa karani wa posta.

Kwa hivyo mama alijua mambo kabla ya wenyewe. Alijua nani katumiwa pesa na nani anakuja kaunta kila Ijumaa akirudi mikono mitupu. Nyumbani hakuleta hata stori moja. Alirudi jioni vidole vimeshika wino wa muhuri, akawasha jiko, akakagua madaftari yetu sote wanne. Ukimchokoza aseme ya kazini alijibu, “Barua ni ya mwenye jina.”

Siku za matanga, nyanya mmoja alinivuta kando nyuma ya jikoni. Alisema hakuwahi kwenda shule, na mumewe alikuwa akifanya kazi mbali. Kwa miaka mingi mama ndiye aliyemsomea barua saa ya mapumziko, kisha akamwandikia majibu.

“Barua moja ilikuwa mbaya,” akaniambia. “Alinisomea yote, hakuruka neno. Halafu akaniuliza kama nataka kujibu leo ama nikalale kwanza. Yaliyokuwemo tulijua yeye na mimi. Sasa nimebaki peke yangu.”

Hakunieleza barua ilisema nini, nami sikumuuliza.

Mwaka wa 1999 shirika lile liligawanywa: posta ikaenda kivyake, simu kivyake, na usimamizi wa sekta ukapewa tume. Wafanyakazi walilala na wasiwasi wa kupoteza ajira. Mama alijiandaa kwa namna yake: alifuma masweta ya shule usiku na kuyauza Januari, karo ilipobana. Kisha Machi 2007 M-Pesa ikaanza, na foleni ya mani oda ikapungua. Hakuilaumu simu. Akawa anatutumia pesa kwa M-Pesa, ila lazima umwandikie ujumbe: “Nimepokea,” pamoja na kiasi na tarehe. Bila hiyo risiti, wiki ijayo hupati kitu! Risiti za karo zetu tangu darasa la kwanza tulizikuta kwenye mkebe wa biskuti, zimepangwa mwaka kwa mwaka.

Hakuna hata moja ya haya iliyoingia kwenye wasifu. Programu ya mazishi ilikuwa imeshachapishwa nyanya yule alipofika.

Ndiyo maana nawaambia vijana wenzangu: ukiwa na mzazi aliye hai, usingoje ukabidhiwe laptopu. Muulize kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi na nani alimfunza. Mshahara wa kwanza ulienda wapi? Alifanya nini mwaka ambao mambo yalikuwa magumu kabisa? Akikubali, washa rekoda ya simu. Andika majina na miaka. Uliza pia stakabadhi za pensheni ziko wapi na jina la nani limeandikwa kama mrithi, maana hayo husumbua familia nyingi baadaye.

Waulize na waliofanya kazi naye, ama waliohudumiwa naye. Wao wanamjua mtu ambaye hajawahi kuketi mezani kwenu.

Na yakiwepo ambayo hataki kuyasema, yaache. Hayo ni yake.