'Wanga' na 'Kabohaidreti' katika Lebo za Vyakula

Mwaka 1972 daktari wa Kimarekani, Robert Atkins, alichapisha kitabu cha kuwahimiza wanaotaka kupunguza uzito wale kabohaidreti kidogo. Tangu hapo watengenezaji wa vyakula wameifanya shauri hiyo kuwa sifa ya kuuzia mikate, biskuti na vinywaji. Mfasiri anayekabidhiwa lebo za namna hiyo mara nyingi huandika 'wanga kidogo'. Kwa maoni yetu tafsiri hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe yaweza kumdhuru mgonjwa wa kisukari.

Tuchukue mfano wa ndizi, chakula ambacho mkazi wa Ngenge, wilayani Muleba, anakifahamu vyema. Kabohaidreti iliyomo katika ndizi mbichi ni wanga kwa sehemu kubwa. Ndizi ikiiva, sehemu kubwa ya wanga huo hugeuka sukari. Ndiyo maana huwa tamu. Basi ndizi mbivu yaweza kuitwa chakula chenye 'wanga kidogo' bila kusema uongo, ilhali kabohaidreti yake haikutoweka. Imebadili umbo tu.

Hivyo basi tunapendekeza istilahi zitenganishwe. 'Kabohaidreti' liwe jina la kundi zima. Chini yake ziwekwe 'sukari', 'wanga' na 'nyuzinyuzi', yaani sehemu ya mimea isiyomeng'enywa katika utumbo mwembamba. Tunajua kwamba shuleni tumezoea kusema 'vyakula vya wanga' kwa maana ya kundi zima. Mazoea hayo yanafaa katika mazungumzo, lakini hayafai katika lebo.

Tahadhari hiyo yahusu pia maneno 'bila sukari'. Mwongozo wa Codex Alimentarius wa mwaka 1997 unayaruhusu iwapo chakula hakizidi nusu gramu ya sukari katika kila gramu 100. Hata hivyo, biskuti iliyotimiza sharti hilo yaweza kujaa wanga wa ngano, nao mwilini huishia kuwa glukosi. Kuhusu 'kabohaidreti kidogo', mwongozo huo haukuweka kiwango chochote.

Mfasiri aangalie pia lebo imetoka wapi. Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya jumla ya kabohaidreti. Umoja wa Ulaya huzitenga. Kwa hiyo chakula kile kile chaweza kuandikwa tarakimu mbili tofauti, na zote zikawa sahihi. Aidha, wauzaji wengine hutoa katika jumla nyuzinyuzi na baadhi ya viongeza utamu, kisha baki wakaiita 'kabohaidreti halisi'. Neno hilo halina fasili katika sheria za Marekani. Mfasiri aeleze kilichotolewa.

Neno 'kidogo' ni la muuzaji. Gramu ni za mnunuzi. Tunawasihi wafasiri wasiliandike la kwanza bila kuzionyesha za pili.