Mzee msahaulifu anapotoka kitengo cha dharura

Daktari anapomruhusu mzee kuondoka katika kitengo cha dharura, huwa amemweleza mambo mengi kwa dakika chache: dawa hii inywe mara mbili kwa siku, ile iachwe, arudi kliniki wiki ijayo. Kwa mzee ambaye kumbukumbu zake zimeanza kudhoofika, maelezo hayo hutoweka kabla hajafika langoni. Naye, kwa adabu au kwa aibu, huitikia kila neno.

Hapo ndipo matatizo huanzia. Dawa ya shinikizo la damu humezwa maradufu au isimezwe kabisa, na baada ya siku chache jamaa husaka teksi usiku wa manane kumrejesha hospitalini.

Nchini Marekani, watafiti wakiongozwa na Dkt Manish Shah wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walijaribu kuziba pengo hilo katika miji ya Madison na Rochester. Wahudumu wa ambulensi walipewa mafunzo, wakawatembelea wazee nyumbani siku chache baada ya kutoka hospitalini, kisha wakawafuatilia kwa simu. Hawakwenda kutibu. Walipitia dawa pamoja na mzee, wakahakikisha ana miadi ya daktari na kumweleza dalili za hatari. Miongoni mwa wenye upungufu wa kumbukumbu, waliotembelewa walirudi kitengo cha dharura kwa nadra zaidi katika siku 30 kuliko wenzao.

Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mnamo 2023, na kazi ya aina hii haiko mbali na yao. Hata hivyo, mzigo mkubwa ungali mabegani mwa binti au mkaza mwana. Yeye ndiye apaswaye kuwa chumbani daktari anapoeleza, aombe maagizo yaandikwe, na abebe dawa zote za nyumbani, hata za mitishamba. Baadhi ya tembe za mafua na mizio zinazoleta usingizi, ambazo wengi hununua dukani bila kufikiri, huweza kuvuruga akili ya mzee.

Ugonjwa wa kusahau kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyewatambua wajukuu wake Jumatatu, na kufikia Jumatano hajui yuko wapi au anasinzia mchana kutwa, asidhaniwe kuwa ni uzee tu. Huenda ana nimonia, maambukizi katika njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au amedhuriwa na dawa mpya. Hiyo ni dharura, na yafaa arejeshwe hospitalini siku iyo hiyo.