Bima ya likizo kwa jirani (sehemu ya pili): Kadi ya njano haimrudishi mtu Tabora

Wiki iliyopita tuliishia kwenye hati za kusafiria. Mtanzania anayekwenda Burundi, Rwanda, Uganda au Kenya haombi viza. Pasipoti au hati ya dharura inamtosha. Wepesi huo ni neema ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini una kasoro yake: haumkumbushi msafiri chochote. Anayekwenda Ulaya hukumbushwa na ubalozi, maana nchi za Schengen hazimpi viza ya matembezi mtu asiye na bima ya safari ya walau euro 30,000. Anayekwenda Bujumbura haulizwi. Anafunga begi, anatia dumu la asali ya Sikonge, anaaga, anapanda basi.

Na kutoka Chemchem, hapa Tabora mjini, wanaopanda basi hilo si haba. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji ilitawanya koo pande zote za Ziwa Tanganyika. Familia za Kimanyema za hapa mjini zina ndugu Ujiji, zina ndugu Uvira, na zina ndugu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako mpaka leo Kiswahili ndicho kinachosemwa barazani. Likizo kwa watu hawa si hoteli wala mbuga. Ni kwenda kumwona shangazi, kuhudhuria harusi, kukaa wiki mbili na kurudi. Bima nyingi za safari zimeandikwa kwa kumfikiria mtu mwingine kabisa: mpanda ndege mwenye sanduku la magurudumu na hoteli aliyolipia mapema. Ndiyo maana hati zake hujisifu kwa fidia ya mzigo uliopotea, ndege iliyochelewa na safari iliyoahirishwa.

Hayo yasikupotezee muda. Anayekwenda kwa shangazi kwa basi anahitaji mambo mawili kwenye bima yake: kutibiwa akiwa huko, na kurudishwa nyumbani, awe hai au maiti. Kampuni ikiwa na kiwango kikubwa kwenye mizigo na kidogo kwenye matibabu, iache hata kama bei yake ni nusu ya wenzake.

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe mkanganyiko wa kadi, kwa sababu ndio unaowaponza wengi. Mtu akikwambia ana kadi ya njano, muulize ipi. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linakitambua kuwa ni cha maisha, ila chanjo ichomwe siku 10 kabla ya kuingia nchi inayokitaka, kama Kongo. Hicho kinakukinga na ugonjwa mmoja, hakina shilingi ndani yake. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nayo ni bima ya gari. Makubaliano yake yalitiwa saini mwaka 1986, na jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi. Ilifanya vizuri. Bima ya lazima ya gari lako inaishia mpakani. Kadi hii ndiyo inayoivusha. Ukimgonga mtu Gitega, atalipwa kwa mujibu wa sheria za Burundi, na matibabu ya dharura ya waliokuwa ndani ya gari lako yamo kwa kiwango kilichowekwa. Ila gari lako lenyewe likipondeka halimo. Malaria iliyokushika Buyenzi siku ya nne haimo. Kidole tumbo hakimo.

Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nayo haisaidii, maana vituo vilivyosajiliwa na mfuko huo viko ndani ya nchi. Unaweza kuwa na kadi zote tatu mfukoni na ukaombwa fedha taslimu mapokezi ya hospitali ya Bujumbura kabla daktari hajakugusa.

Sasa tuifungue hati yenyewe. Ukurasa wa kwanza una jina, tarehe na jedwali la viwango; mawakala hupenda kukuonyesha huo. Wewe nenda nyuma, kwenye maandishi madogo, kwenye orodha ya yasiyolipwa. Mambo matatu yanamhusu msafiri wa upande huu wa nchi.

La kwanza ni maradhi uliyokuwa nayo kabla. Kwetu anayesafiri zaidi si kijana, ni bibi. Ndiye anayeitwa kwenye harusi, ndiye anayekwenda kuuguza. Na bibi ana presha, pengine na sukari. Hati nyingi hazilipi gharama zinazotokana na maradhi ya zamani, au zinalipa kidogo sana, tena kwa sharti kwamba yalitajwa kwenye fomu. Familia humshauri bibi anyamaze ili ada isipande. Ushauri mbaya. Akilazwa, jambo la kwanza kampuni itakaloliomba ni historia yake ya matibabu, na faili la hospitali ya Kitete litasema yote. Uliza pia kikomo cha umri. Zipo hati zinazokataa mtu akishapita umri fulani, na zipo zinazopandisha ada na kupunguza kiwango kwa wakati mmoja.

La pili ni vita. Karibu kila bima ya safari duniani haigusi vita, uasi na ghasia. Si jambo geni kwenye njia hii. Enzi za misafara matajiri wa Unguja kama Taria Topan, aliyemkopesha mfanyabiashara Tippu Tip, walikuwa wanatoa mali kwa riba nzito, na ndani ya riba hiyo ndimo hatari ya njia ilimohesabiwa. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipofunga njia ya Ujiji, mpelelezi Stanley alilazimika kuzunguka kusini, na bidhaa za wafanyabiashara zikalala Tabora. Tajiri alikuwa amekwisha kujikinga kwa riba. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepigwa mshale hakuwa na wa kumlipa. Leo mambo yamepangwa kinyume: kampuni inakukinga na ajali na maradhi, lakini vita inakuachia mwenyewe. Mapema mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, kisha Bukavu, mashariki mwa Kongo. Aliye na ndugu Uvira asidhani kwamba karatasi aliyonunua Tabora itamlipia akikwama huko. Hati nyingine husema wazi kwamba ukiingia mahali ambako serikali imewaonya watu wasiende, bima yote inakufa, hata ya malaria.

Mipaka kufungwa ni jamaa wa jambo hilo. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Aliyepanga kuteremka kutoka Nyamirambo, mtaa wa Kigali, hadi Buyenzi kwa basi moja ilimlazimu kurudi Tanzania kupitia Rusumo na kuingilia Kabanga. Siku zinaongezeka, na bima ina tarehe ya mwisho. Ongeza siku kadhaa juu ya ratiba yako unaponunua. Tofauti ya ada huwa ndogo.

La tatu ni pikipiki. Hapa ndipo ajali zilipo, na hapa ndipo hati huwa kali: nyingine hazimlipi dereva wa pikipiki kabisa, nyingine zinamlipa abiria ikiwa tu alivaa kofia ngumu. Kigali abiria hupewa kofia, aikubali. Wenye magari binafsi nao waangalie daraja la Rusumo juu ya mto Kagera. Ukitoka upande wetu unaendesha kushoto. Ukishaingia Rwanda unahamia kulia, na Burundi ni hivyo hivyo. Dereva aliyetoka Nzega alfajiri hufika pale amechoka, akili ikiwa bado kushoto. Kilomita za mwanzo baada ya daraja ziendeshwe taratibu, na asiye dereva awe macho.

Turudi kwenye kurudishwa nyumbani. Kipengele hiki kina sura mbili. Ya kwanza ni mgonjwa kuhamishwa, kwa gari la wagonjwa au ndege. Wengi wanawafahamu madaktari warukao wa AMREF, walioanza Nairobi mwaka 1957, na wanauliza kama uanachama wao unatosha. Ni msaada mkubwa, lakini unalipia usafiri wa dharura. Kitanda, upasuaji na dawa ni mzigo wa bima au wa mfuko wako. Na kwenye bima, anayeamua kwamba mgonjwa ahamishwe ni daktari wa kampuni, si shemeji yako. Ndiyo sababu namba ya dharura ya saa 24 ipigwe kabla ya kulazwa au mara tu baada yake. Ukilipa mwenyewe bila kutoa taarifa, kudai baadaye ni kazi. Hospitali za Burundi huandika kwa Kifaransa. Chukua risiti na ripoti ya daktari zikiwa na muhuri hapo hapo, tafsiri utaitafuta nyumbani.

Sura ya pili hatupendi kuitaja. Kusafirisha mwili kuvuka mpaka kunahitaji vibali, sanduku maalumu na gari, na kwa kawaida gharama hiyo huangukia kwenye michango ya simu usiku wa msiba. Bima nzuri inaibeba. Lakini familia nyingi za Kiislamu huona afadhali kuzika haraka pale mtu alipofia. Muulize wakala: kampuni italipia mazishi ya huko, au inalipa mwili ukisafirishwa tu? Jibu alionyeshe kwenye hati, kwa kidole. Na asiyependa bima ya kawaida kwa sababu za dini, takaful ipo nchini. Aiulizie kama ina hati ya safari.

Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipa dola 44 za bima ya lazima. Tumejifunza kudai bima kwa wageni, lakini sisi tukigeuka wageni tunatoka mikono mitupu.

Ununuzi wenyewe si mgumu. Mawakala wapo mjini, na matawi ya benki huuza bima kwa niaba ya kampuni. Taja nchi zote utakazopita, maana hati ya Burundi peke yake haitakusaidia Rwanda. Usipokee karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Hakiki namba ya bima kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kampuni ikikataa kulipa na hukuridhika, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Na nunua ukiwa bado Tabora, kwa sababu kampuni nyingi hazimuuzii bima ya safari mtu aliyekwisha kuvuka mpaka.