Sarafu ya kale yenye mwaka 1299 ina umri gani?

Mwaka uliochongwa kwenye sarafu ya kale hauwezi kueleweka mpaka ijulikane umehesabiwa kwa kalenda gani. Asiyelijua jambo hilo anaweza kuuziwa kwa bei kubwa kitu cha kawaida, au kuuza urithi wa familia kwa bei ya kutupa.

Mkazi wa Gahanga, wilayani Kicukiro, akionyeshwa kipande cha shaba chenye picha ya mizani, maandishi ya Kiarabu na tarakimu ١٢٩٩, yaani 1299, anaweza kuambiwa kwamba kina zaidi ya miaka 700. Sivyo. Sarafu hiyo ilitengenezwa kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Mwaka wake ni wa Hijria, kalenda ileile inayotumiwa na Waislamu wa Nyamirambo na kwingineko kuhesabu miezi ya Ramadhani na Hija.

Hesabu yenyewe

Wengi hukosea kwa kujumlisha 622, mwaka wa Hijra ya Mtume Muhammad. Kwa njia hiyo 1299 huwa 1921, wakati Barghash alikwisha kufariki miaka 33 nyuma. Kosa linatokana na mwezi: mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa takribani siku 11, hivyo miaka 33 ya Hijria hulingana na takribani miaka 32 ya Miladia.

Kwa hiyo kwanza hupunguzwa tatu kwa kila mia. Katika 1299 hutolewa 39, hubaki 1260. Ikijumlishwa 622 hupatikana 1882. Jibu linaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka wa Hijria huangukia ndani ya miaka miwili ya Miladia.

Sarafu yenye kalenda mbili

Ushahidi wa hesabu hiyo umo katika sarafu ya pesa moja ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja una tai na mwaka 1890. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu na mwaka ١٣٠٧, yaani 1307. Ukitoa 39 na kujumlisha 622, jibu ni 1890. Pesa 64 zilifanya rupia moja, fedha ya utawala wa Kijerumani ambao Rwanda ilikuwa chini yake hadi 1916.

Msomaji azingatie mambo mawili. Maandishi ya Kiarabu husomwa kutoka kulia, lakini tarakimu zake husomwa kutoka kushoto. Tena sifuri ni nukta ndogo, ambayo hufutika upesi kwa kuchakaa na kuharibu hesabu nzima.

Kalenda nyingine

Si Hijria pekee inayopotosha. Sarafu ya Menelik wa Pili wa Ethiopia yenye mwaka 1889 ni ya 1896 au 1897, kwa kuwa kalenda ya huko iko nyuma kwa miaka saba au minane. Nchini Japani miaka huhesabiwa kwa enzi ya kila mfalme: enzi ya Meiji ilianza 1868, Taisho 1912 na Showa 1926. Mwaka wa kwanza wa enzi huhesabiwa kuwa moja, hivyo kwa Meiji hujumlishwa 1867: mwaka wa 37 wa Meiji ni 1904. Kwa Showa hujumlishwa 1925, na mwaka wake wa 20 ni 1945.

Baada ya hesabu, jibu lilinganishwe na jina la mtawala lililo kwenye sarafu. Likiangukia nje ya utawala wake, ama hesabu ina kosa, ama sarafu si halisi. Hadi hapo sarafu isisuguliwe kwa mchanga wala siki, maana kinachofutika kwanza ni zile tarakimu zinazotafutwa.