Mutura wa Sh50, ziara ya dola 50

Ikifika saa kumi na moja jioni, foleni za abiria zikianza kurefuka kwenye steji za matatu, makaa huwashwa katika vichochoro vya kati ya barabara za Tom Mboya na River Road jijini Nairobi. Muuzaji wa mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, huugeuzageuza juu ya waya hadi uanze kupasuka. Mteja huonyesha kwa kidole pa kukata, kisu hupita, vipande hudondoka kwenye ubao, anachovya chumvi, anachota kachumbari na kula wima wima. Sh20 zatosha kuonja. Mwenye Sh50 ameituliza njaa hadi nyumbani.

Sasa kuna wanaouza matembezi ya kwenda kuuonja. Ni kampuni ndogo za utalii, baadhi zikiwa mtu mmoja na simu yake, zinazowapitisha wageni jioni kutoka jengo la nyaraka za taifa (Archives) hadi Biashara Street, kisha kwa gari hadi Parklands na Westlands. Soko lipo: mwaka wa 2024 Kenya ilipokea wageni karibu milioni 2.4, na baadhi yao hulala Nairobi angalau usiku mmoja kabla ya kwenda mbugani.

Tupige hesabu ya mfano. Mgeni analipa dola 50, yaani takriban Sh6,500. Akiwa amepatikana kupitia tovuti kubwa ya ziara, karibu robo huishia huko: Sh1,600 hivi. Vituo sita vya kuonja, hata ukivikadiria Sh150 kila kimoja, ni Sh900. Wakala huyo wa mtandaoni, asiyewahi kukanyaga River Road, amewapita wapishi wote sita kwa pamoja. Zinazobaki ni za mwongozaji, gari, kodi na siku ambazo hakuna mgeni.

Sioni wizi hapo. Mutura mgeni angeweza kujinunulia. Anacholipia ni mtu anayejua kibanda kipi hakilazi nyama, na wapi simu inafaa ibaki mfukoni.

Analipia pia historia. Reli ilipofika hapa mwaka wa 1899, wafanyabiashara wa Kihindi waliweka vyakula vyao kwenye sahani ya mji: chapati, sambusa, bhajia. Biashara Street yenyewe iliwahi kuitwa Indian Bazaar. Viazi vilivyokatwa vyembamba na kukaangwa kwa unga wa dengu bado vinaitwa maru bhajia, na jina hilo limevuka hadi Wembley, London, ambako familia iliyotoka Kenya imekuwa ikiviuza tangu miaka ya 1970. Diamond Plaza, Parklands, wahudumu humkimbilia mteja na menyu kabla hajazima gari, kila mmoja akinadi chips masala yake, mishkaki yake, juisi yake ya miwa. Waongozaji wanapapenda. Pana paa, pana leseni, hapafukuzwi mtu.

Katika mitaa ya Kangemi na Kawangware ni smokie pasua, yaani soseji iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, na mayai ya kuchemsha kwenye toroli. Bei ni nafuu zaidi, wageni ni wachache.

Tatizo ni katikati ya jiji. Mwongozaji hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, chini ya sheria ya mwaka wa 2011. Anayeshika chakula anatakiwa kupimwa afya kila miezi sita na kuwa na kibali cha kaunti, na wachuuzi wengi hawana. Kwa hiyo mwenye leseni anampeleka mgeni kwa asiye nayo, na kanjo, yaani askari wa kaunti, wakitokea, kituo cha tatu cha ziara kinabeba jiko na kutoweka. Mwaka wa 2017, kipindupindu kilipozuka, uchuuzi wa chakula ulipigwa marufuku. Katikati ya 2024, maandamano dhidi ya serikali, ya kila Jumanne na Alhamisi, yalifungisha hata wenye maduka.

Zanzibar ilichagua njia nyingine: bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka wa 2009, wapishi wakiwa ndani yake. Singapore iliwahamishia wachuuzi wake kwenye majengo yenye maji na mitaro, na mwaka wa 2020 UNESCO ikautambua utamaduni huo. Nairobi ilijenga soko la Muthurwa, wengi wakarudi barabarani kwa sababu wateja wao hawakuhama. Nairobi Street Kitchen ya Westlands ilifunguliwa kama jibu la sekta binafsi, ila bei ya humo ilibeba kodi ya jengo.

Kwa maoni yangu kaunti ingeanza na mtaa mmoja tu: bomba la maji, taa, na ruhusa ya saa kumi na moja hadi saa nne usiku, kwa ada ya kila siku inayolipwa kwa simu. Kwa sasa mwongozaji makini hutembea na namba za vibanda viwili vitatu vya akiba, na hupiga simu kabla ya kupinda kona.