Koti la Babu, Suruali ya Bibi

Mpwa wangu anasoma chuoni Thika. Mwezi wa Julai, wakati Mombasa inapoburudika kwa upepo wa kusi, huko juu, toka Ruiru hadi Thika, mawingu hutanda mchana kutwa na baridi huingia mifupani. Buibui la pwani halikumtosha. Aliporudi likizoni alikuwa amevaa koti la kiume juu ya gauni, na suruali pana chini yake. Bibi yake akamtazama mlangoni, akaitika "marahaba" kwa sauti ndogo, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, umekuwa mwanamume?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) amewakemea wanawake wanaojifananisha na wanaume, na wanaume wanaojifananisha na wanawake. Lakini vazi la kiume ni lipi? Wanazuoni wengi wameliegemeza jambo hilo, kwa sehemu kubwa, kwenye ada ya mahali na ya zama.

Na ada ya pwani ina kumbukumbu ndefu. Katika karne ya 19, wanawake wa nyumba ya kifalme Unguja walivaa suruali za marinda chini ya kanzu zao. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, yumo pichani akiwa na vazi hilo. Zama hizo hizo mjini Paris, amri ya mwaka 1800 ilimlazimu mwanamke kuomba idhini ya polisi kabla ya kuvaa suruali, na haikutangazwa rasmi kuwa batili hadi 2013. Kwao suruali ilikuwa ya mume. Kwetu ilikuwa ya bibi wa heshima.

Kazi ndiyo iliyowageuza Wazungu. Katika Vita Kuu vya Kwanza wanawake wa Uingereza waliingia viwanda vya silaha, na mashine haina adabu: hunasa pindo la mtu yeyote. Wakavaa suruali. Mwaka 1966 Yves Saint Laurent akawashonea matajiri suti ya usiku iliyoigwa kwa wanaume, na mtindo ukapata jina. Kwa binti zetu njia imekuwa fupi zaidi: koti la mtumba, na fundi wa kupunguza mabega.

Wala si mtindo tu. Isiolo, wanafunzi Waislamu wa shule ya Mtakatifu Paulo Kiwanjani waliomba kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kwao suruali ilikuwa sitara. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia mwaka 2016. Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Januari 2019, kwa hoja za utaratibu wa kesi, na binti wakarudi walikoanzia.

Mimi nadhani jicho letu liangalie mshono kabla ya jina. Suruali ya kubana hainifurahishi, hata ikiwa imeandikwa ya kike.

Bibi alifanya hivyo hivyo. Alimwamuru mjukuu ainue mikono, ainame, akae kitako. Koti likabaki chini ya mapaja. Akalivuta karibu, akageuza bitana, akauona mfuko wa ndani, ule ambao makoti ya kike huwa nadra kuwa nao. Akatia mkono humo, akanyamaza kidogo. Kisha akamtuma mtoto amwite fundi, ashonewe mfuko kama huo ndani ya buibui lake.