Njia ya rafiki yako haiko lazima ikuwe yako: namna ya kulinganisha dawa za kupanga uzazi

Wadada, na ninyi wandugu pia, juu hii mambo haiko ya wanamuke peke yao.

Kila mwaka kisha proklamasio, wasichana wananiandikia ulizo moja: "Yaya, njia gani njo muzuri kupita zote?" Mimi niko muuguzi, na jibu langu haibadilike: uniambie kwanza maisha yako iko namna gani.

Tuanze na hesabu. Chukua wanamuke 100 wenye kutumia njia moja mwaka muzima, kisha uhesabie ni wangapi walipata mimba. Kwa implanti (vijiti vya mukono) na kwa sterile ya shaba, hata 1 hafike. Kwa sindano, karibu 4. Kwa vidonge, karibu 7. Kwa kapoti ya mwanaume, karibu 13.

Wengi wakiona hizi namba wanasema vidonge ni dawa ya bure. Hapana. Mwanamuke mwenye kumeza kidonge kila siku bila kusahau, hatari yake ni chini ya 1 kwa 100. Tofauti kati ya 1 na 7 haitoke ndani ya kidonge, inatoka ndani ya maisha: safari ya gafula, kutapika, pakiti imeisha na feza hakuna. Juu ya ile, mimi sianzake na dawa. Ninaanza na maulizo ine.

Ya kwanza: unaweza kukumbuka nini, na utapata dawa fasi gani? Vidonge ni kila siku. Sindano ni kila miezi 3. Implanti inafanya miaka 3 ao 5: Implanon NXT ni kijiti 1 cha miaka 3, Jadelle ni vijiti 2 vya miaka 5. Sterile ya shaba inaweza kufikisha miaka 10. Huku kwetu mashariki, siku moja barabara inafungwa, siku ingine watu wanakimbia usiku. Vidonge vinabakia ndani ya nyumba, lakini implanti inakimbia pamoja na wewe. Iko na upande mwingine: hauwezi kuitosha wewe mwenyewe. Mbele wakuwekee, uulize nani ataitosha, wapi, na kwa bei gani, hata kama utataka itoke mbele ya wakati. Kuko pia sindano ndogo ya chini ya ngozi, Sayana Press, yenye mwanamuke anaweza kujipiga mwenyewe kisha kufundishwa. Kule Kinshasa, tangu 2015, wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi walifundishwa kuitoa ndani ya vikartie. Wanafunzi kama sisi.

Ya pili: utavumilia damu ya namna gani? Hapa njo wengi wanaachia njia. Implanti na sindano zinaweza kuleta matone-matone ya damu siku mingi, ao kusimamisha mwezi kabisa. Watu wanasema damu inajikusanya ndani ya tumbo. Hapana. Utando wa ndani ya tumbo ya uzazi haukomae, kwa hiyo hakuna kitu cha kutoka. Sterile ya shaba haina homoni, mwezi unaendelea, lakini unaweza kuwa mwingi na wa maumivu, zaidi miezi ya kwanza. Kama tayari unapoteza damu mingi na uko na upungufu wa damu, usianze na ile.

Ya tatu: unataka mutoto wakati gani? Ukiacha vidonge, ao ukitosha implanti ao sterile, uzazi unarudia haraka. Sindano inachelewesha: kwa wastani wanamuke wanangojea karibu miezi 4 zaidi kupita wenye walitumia njia zingine. Kuchelewa haiko kukosa kuzaa. Lakini kama ndoa yako ni mwezi wa 8 na unataka mimba palepale, sindano ya mwezi wa 6 itakusumbua.

Ya ine: uko na ugonjwa gani, na unameza dawa gani? Vidonge vya homoni mbili havifae kwa mwenye tansio ya juu, kwa mwenye damu iliganda ndani ya mushipa, wala kwa mwenye kichwa kinamuuma sana huku anaona mwangaza-mwangaza machoni. Dawa ya kifua kikuu inayoitwa rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge na ya implanti. Efavirenzi, dawa ya VVU, inapunguza nguvu ya implanti. Haya mambo uyaseme, hata kama hawakukuuliza.

Kisha, tusisahau: kati ya hizi zote, kapoti peke yake njo inalinda na VVU na magonjwa ya zinaa. Implanti na kapoti pamoja haiko kukosa kumwamini mutu, ni kazi mbili tofauti. Na kidonge ya haraka, ile ya kisha tendo, inasaidia mupaka siku 5, lakini ukiimeza mapema ndani ya siku 3 za kwanza ni muzuri zaidi. Haitoshe mimba yenye imekwisha kuingia, na haiko njia ya kila wiki.

Wandugu, hapa ni kwenu. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 mwezi wa 12, 2018, inaomba bibi na bwana wakubaliane juu ya njia. Lakini kama hawaelewane, mapenzi ya ule mwenye kuhusika na ile njia njo yanashinda. Kwa hiyo kazi yako haiko kumchagulia. Lipa transpori, kumbuka tarehe ya sindano, vaa kapoti.

Dada, siku unaenda kwenye kituo cha afya, usitoke mbele ya kuuliza hivi: damu ikibadilika nifanye nini? Nirudi tarehe gani? Nikitaka kuacha, nani atanisaidia? Muuguzi akikasirika juu ya maulizo, tafuta mwingine. Mwili ni wako, na miaka yenye unapanga ni yako.